Kikapu Kilichorudi na Fundo Lake

Ukurasa mmoja wa daftari unanichukua asubuhi nzima, kwa sababu mkono wangu wa kulia unatetemeka na kalamu inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo mtu asitegemee maneno ya kubembeleza hapa. Naandika kwa ajili ya wale ambao midomo yao imeanza kuwasha kama wamekula pilipili na pilipili hawakuigusa, na kila wanayemweleza anawajibu kwamba ni malaria. Anayetafuta mtu wa kumwonea huruma aende kwingine, mimi nimeshiba pole za watu.

Mimi ni Mama Aline. Hapa Kalemie, kando ya ziwa, kabla sijaugua, ungeuliza sokoni ni nani anayejua kukausha kambale, wangekuonyesha meza yangu, hata wale wasionipenda. Nilikuwa na namna yangu. Napasua tumbo, natoa matumbo na mashavu yote, nasugua samaki kwa limau na chumvi ndani na nje, halafu namkunja mviringo. Wenzangu hupitisha mkia mdomoni. Mimi naupitisha katika tundu la jicho la kushoto, kama mama yangu alivyonifundisha, kisha siku tatu juu ya moshi wa kuni ngumu. Inzi hakuwahi kutaga kwenye samaki wangu. Usafi huo muukumbuke, nitaurudia.

Zamani nilikausha samaki wa ziwa peke yake. Kisha ikaja ile miezi ambayo ziwa linafungwa ili samaki wapumzike, na mimi tumbo langu halipumziki. Mwendesha pikipiki mmoja, Kasongo, akaanza kuniletea kambale kutoka mto mmoja upande wa machimbo ya dhahabu. Mto wenyewe siutaji, wanaoosha dhahabu humo wanajijua. Kambale walikuwa wakubwa, wengine urefu wa mguu wangu.

"Mama Aline, kule samaki wamelegea," Kasongo aliniambia huku akicheka. "Unamushika na mukono, hata hakimbie."

Nami nikacheka naye. Mtu mwenye akili angejiuliza ni kambale gani huyo asiyemkimbia binadamu. Nyama yao nayo ilikuwa teketeke, juu ya kichanja walitaka kumeguka, nikawa nawafunga kwa kamba ili wasidondoke motoni. Sikuuliza. Ziwa lilipofunguliwa niliendelea nao, maana wateja walikuwa wamewazoea, na mimi nilikuwa nimezoea vichwa vyao. Kichwa cha kambale mzee, na ile nyama nene ya shingoni, nilikuwa simuuzii mtu. Nilikula mwenyewe karibu kila siku. Mume wangu, Papa Aline, hapendi kambale, anasema ana sura ya mtu mwenye kinyongo. Kinyongo chake hicho ndicho kilichomponya.

Sasa Aline. Ni binti yangu wa pekee. Nilimsomesha shule ya uuguzi, minerval, ada ya kila mwaka, ilitoka kwenye moshi ulioniharibu macho, na alipobakiza mwaka mmoja akaacha, akamfuata mvuvi wa Zongwe, kijiji kingine cha ziwani. Kabla hajapanda boti nilimwambia, mbele ya majirani, kwamba atazaa peke yake kama mbuzi. Nilisema hivyo. Wanaosema hasira ni hasara hawakunikuta nyumbani siku ile.

Kwetu binti akijifungua, mama yake anamletea vichwa vya kambale waliokaushwa, na chungu cha kwanza anakipika yeye mwenyewe kwa mkono wake. Kwa siku arobaini mzazi anakunywa mchuzi huo ili damu irudi na maziwa yashuke. Habari ya mtoto ilipofika, masika yakiwa yamekolea, sikwenda. Nilichagua kambale kumi na wawili walionona kuliko wote, nikawapanga kikapuni, nikafunga mdomo wa kikapu kwa fundo langu, nikakipandisha boti ya Zongwe. Niliona nimejishusha vya kutosha.

Baada ya wiki moja kikapu kilirudi. Fundo lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Mwenye boti alinipa na ujumbe, tena aliusema kwa sauti pale ufukweni, watu wakisikia: "Aline amesema, samaki bila mama ni samaki wa soko. Na soko liko mpaka Zongwe."

Nilibeba kikapu changu nikapita katikati ya macho ya watu. Niliapa kwamba samaki wale hatauziwa mtu wala hatapewa mtu. Niliwala mimi, mmoja baada ya mwingine, kwa chuki, mpaka mifupa.

Kiangazi kilipoingia ndipo midomo ikaanza kuwasha. Baada ya midomo vidole, kama mtu aliyelalia mkono. Kisha kisu kikaanza kunitoka mkononi nikipasua samaki. Vifungo vya blauzi vikanishinda, ikabidi Papa Aline anifunge kama mtoto wa kwenda shule, na vidole vyake vizito vikaruka kifungo kimoja kila siku. Mwisho macho: mbele naona vizuri, pembeni pamefungwa. Watu walinisalimia wakiwa kandoni nikapita bila kuwajibu, wakasema Mama Aline sasa ana majivuno. Majivuno nilikuwa nayo, lakini hayo hayakuwa yenyewe.

Dispensari ya kwanza walinitibu malaria. Ya pili wakanitibu malaria, wakaongeza tifoidi ili nisione nimedharauliwa. Niliwekewa chupa tatu za serumu mshipani na vidonge vya kila rangi. Mabenchi ya kungojea nayajua yote katika mji huu: lipi lina msumari, lipi linapigwa jua kuanzia saa nne, lipi lina mama fulani anayekusimulia maiti ya jirani yake aliyekuwa na dalili kama zako. Muuguzi mmoja aliniambia, "Ngojea, mama, dokteri iko anakula," na daktari alikula mpaka saa tisa. Mwingine alinitazama nikiyumba akauliza kama nimekunywa. Ningempiga, lakini sikuwa na hakika mkono ungefika.

Rehema zilikuwepo, sitazikana. Bibi mmoja mwenye kikohozi, nisiyemjua hata jina, alinishikia kikombe ninywe maji bila kunitazama usoni. Papa Aline alijifunza kupika ugali, ukawa mbichi, nikala. Na alininunulia blauzi isiyo na vifungo.

Mwishoni mwa kiangazi nilifika lopitali kubwa, kwa daktari kijana aliyewahi kufanya kazi upande wa machimbo. Hakuniuliza panauma wapi. Aliniamuru nimguse pua yake kisha yangu, nikatia kidole jichoni mwangu.

"Mama, unakulaka nini?"

"Chakula."

"Samaki gani? Ya wapi?"

Nikamweleza. Akachukua mkasi, akakata nywele zangu nyuma ya kichwa, akazitia kwenye bahasha. Alisema zitapelekwa mbali kwa ekzamen, kwa sababu hapa mashine haiko, na kwamba kabla jibu halijarudi niache kambale wa mto. "Wote," alisema. Niliona ni mtoto tu anayetaka kuonekana amesoma. Kambale nilipunguza, sikuacha.

Mvua za kwanza zilinyesha, bahasha haikurudi. Shangazi yake Papa Aline akanipeleka kwenye chumba cha maombi, nikakaa siku saba bila kula. Nawaambia ukweli, siku zile saba vidole vilipata nafuu kidogo, mchungaji akaichukua nafuu hiyo akaivaa kama koti lake. Siku ya saba akatangaza: "Kuna muntu ya tumbo lako mwenyewe alikataa chakula yako. Njo yeye amekufunga. Siku atakula cha mukono yako, utafunguka."

Nani mwingine? Kikapu kilirudi mbele ya mji mzima. Nilimwamini mchungaji haraka, kwa sababu alisema kile nilichotaka kusikia. Miezi yote nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia kwa ugonjwa huu, na sasa nilikuwa naye, tena nimemzaa. Nilimwita mwanangu mchawi, kwa mdomo huu unaowasha.

Nilitoa kambale mmoja mkubwa aliyekuwa bado juu ya kichanja. Nikamwambia Papa Aline ampeleke Zongwe, aseme ni zawadi yake yeye baba, amenunua njiani.

"Unanituma nidanganye mutoto?" aliuliza.

"Nakutuma uniponye."

Alikwenda. Mtu aliyefunga vifungo vya mke wake miezi minne hana nguvu ya kubishana.

Siku ya pili yake nikaitwa lopitali. Jibu la nywele limefika. Daktari hakukaa nyuma ya meza, alivuta kiti akakaa karibu nami, na hapo nikajua ni kubaya.

"Mama, ni merikire, zebaki. Ile wachimbaji wanachanganya na muchanga ili ishike dhahabu. Inabaki mu mto, samaki wadogo wanaikula, kambale anakula wadogo. Kadiri amezeeka, ndivyo anaikusanya."

Nilimkatiza. Hapo ndipo ninaporudi kwenye usafi wangu. Nilimwambia kwamba mimi natoa matumbo yote, na mashavu, nasugua limau, natia chumvi, samaki anakaa siku tatu motoni. Uchafu gani unaovumilia hayo yote? Nilisema kwa sauti mpaka mlango ukafunguliwa tukachunguliwa.

Alingoja nimalize. "Haiko mu matumbo, mama. Haikalake kwa ngozi wala mu mafuta. Inaingia mu nyama yenyewe, inashikana na protini, kile kitu kinafanya nyama ikuwe nyama. Ni sawa rangi mu kikwembe, mu kitenge. Unafula, unafula, kikwembe kinapasuka, rangi iko palepale. Na moshi yako inatoa maji tu. Samaki anapunguka, sumu haipunguke."

"Ndiyo maana nyama ilikuwa inameguka?"

"Inawezekana. Kitu inashika nyama vile, lazima iharibu kitu. Lakini siwezi kuapa." Kisha akasema, kama jambo la kawaida tu: "Wewe utapata nafuu polepole, ukiacha. Ninaogopeaka zaidi wamama wanaonyonyesha. Inapita mu maziwa, na ubongo wa mutoto ungali unajijenga."

Nilisimama, nikagonga ukingo wa meza nisiouona, nikatoka bila kuaga. Mjukuu wangu alikuwa na miezi minane, ananyonya. Hakuna aliyeniletea nimwone. Walimpa jina la mama mkwe wa Aline, na nililaani hata hilo. Na mimi nilikuwa nimempelekea mama yake kambale mzee kuliko wote kichanjani, kwa hila, kwa mkono wa baba yake, ili ale apende asipende.

Simu ya Papa Aline haikupatikana. Ya Aline sikuwa nayo, niliifuta siku ya kikapu. Asubuhi nikapanda boti ya Zongwe. Ziwa lilikuwa na mawimbi, mwenye boti alikuwa yuleyule wa ujumbe, akanitazama akanisogezea ubao wa kukaa. Njia nzima nilihesabu: amefika juzi, juzi hiyohiyo wangempika, jana wangemaliza kichwa. Nilimwomba Mungu Aline awe amekasirika. Sijui kama kuna mama mwingine aliyewahi kuomba hivyo. Niliomba binti yangu awe na kichwa kigumu kama changu, asisamehe, asionje, hata kwa kunitukana.

Kushuka nilianguka majini mpaka kiunoni. Nilifika kwake nimelowa, natetemeka mwili mzima. Papa Aline alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kichwa chini. Aline alisimama mlangoni na mtoto kiunoni. Alikuwa amekonda. Hakunisogelea.

"Umekula yule samaki?" nikauliza.

"Hata salamu, Mama?"

"Aline, umemla?"

Alinitazama mikono, nikaificha nyuma. "Kumbe ni kweli unagonjwa," alisema. Kisha akasogea kando, nikaona ndani. Kambale wangu alikuwa ametundikwa kwa kamba juu ya mafiga, mzima, mkia ukiwa umepita katika jicho la kushoto.

"Papa hajue kudanganya," alisema. "Alisema amenunua njiani. Ni nani mwingine anapitishaka mukia mu jicho? Nikasema, hii ni mukono ya Mama, na Mama hayuko. Nikamutundika."

Nikakaa kizingitini. "Mbona hukumtupa?"

Alimhamisha mtoto upande wa pili wa kiuno. "Nilikuwa nakungojea. Nilisema siku moja atachoka na kiburi yake, atakuja yeye mwenyewe kumupika." Akamtazama kambale pale juu. "Basi umekuja kumupika?"

"Nimekuja kumtupa."

Niliona uso wake ukifunga kama mlango. Angenifukuza, na angekuwa na haki, kama baba yake asingeinua kichwa akasema, "Muache aseme." Nikasema. Midomo, vidole, macho, nywele kwenye bahasha, kikapu nilichokila peke yangu. Nilisema pia ya mchungaji, na kwamba nilimwita mchawi. Lingeweza kubaki tumboni hilo, lakini tumbo langu lilikuwa limebeba sumu ya kutosha. Alilia, si kwa kunihurumia. "Uliamini?" aliuliza mara tatu. "Mama, uliamini?" Nilimjibu ndiyo mara tatu.

Tulimzika kambale nyuma ya nyumba, shimo refu, ili mbwa wasimfukue. Aline alichimba kwa jembe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na nilijua alikuwa anachimba kwa ajili ya nani.

Kabla sijamaliza habari ya siku ile, niwaambie wagonjwa neno lao. Dawa ya miujiza sikupewa. Nilipewa kuacha na kungoja. Masika yalipofika midomo ilinyamaza. Kiangazi kilichofuata pembe za macho zilifunguka nusu, sasa naona anayenisalimia kushoto, wa kulia avumilie. Mkono huu daktari anasema labda utabaki hivi. Nauza ndagala siku hizi, dagaa wa ziwa, wadogo, wasioishi siku nyingi za kukusanya ubaya wa wengine. Nilipowaambia wenzangu sokoni habari ya kambale wa mto, walinitupia maji ya samaki, wakasema nawaharibia kazi. Kasongo hanisalimii. Na wale wa juu ya mto bado wanaosha dhahabu yao, na hakuna mkubwa aliyewahi kuja kukaa nasi kwenye mabenchi. Nawachukia, na daktari amesema chuki haizuii kupona. Ninyi ambao midomo inawasha, msimuulize mtu nani amewaroga. Ulizeni samaki ametoka maji gani, ana umri gani, na kama alikimbia aliposhikwa. Msimpe mama anayenyonyesha kichwa cha kambale wa mto ule, hata mila ilie.

Jioni ile, jua likingali juu ya mlima, niliomba sufuria. Aline alinionyesha walipo ndagala, akakaa mbali, mtoto akinyonya. Niliwasha moto mwenyewe. Niliosha ndagala, nusu ya maji yakanimwagikia miguuni. Chumvi nilimwaga nyingi, nikatoa, nikamwaga tena. Nyanya nilikata vipande vya ajabu, na Papa Aline aliponyoosha mkono kunisaidia, Aline akamwambia, "Papa, muache." Siku arobaini zilikuwa zimepita zamani, lakini chungu cha kwanza kilikuwa bado hakijapikwa.

Nilimpelekea sahani kwa mikono miwili, mchuzi ukinimwagikia vidoleni. Aliipokea bila kusema asante. Alikula uso umekunjwa vilevile, hakuniangalia hata mara moja, na chumvi ilikuwa imezidi, najua. Alipomaliza alinirudishia sahani. Safari hii ilikuwa tupu.